Mashine Inapobisha Hodi

Mwezi Aprili 2018, Jet Propulsion Laboratory, maabara ya Pasadena, California, inayoendesha magari ya NASA yanayotambaa juu ya sayari ya Mirihi, iligundua kwamba kuna mtu ndani ya mtandao wake. Hakuwa ameingia jana. Alikuwa amekaa humo karibu miezi 10, akihama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, na alikuwa ameshachota mafaili 23 yenye ukubwa wa takriban megabaiti 500. Mawili kati ya hayo yalihusu safari ya Mirihi na yalikuwa na taarifa zinazolindwa na sheria za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa silaha. Kituo cha Johnson kule Houston, kinachoongoza safari za wanaanga, kiliingiwa na hofu kikakata uhusiano wake wa mtandao na maabara hiyo.

Ripoti ya mkaguzi mkuu wa NASA ilipotoka Juni 2019, magazeti yalishika jambo moja: njia aliyopitia mvamizi. Ilikuwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, ambayo tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 2012 imekuwa ikipatikana kwa dola 35 hivi na wanafunzi huitumia kujifunzia kuandika programu. Kuna mtu aliichomeka kwenye mtandao wa maabara bila kibali, na mtandao ukaipokea.

Kilichonivutia mimi katika ripoti hiyo kimo kurasa chache kutoka hapo. Maabara ilikuwa na daftari la kidijitali ambamo kila kifaa kilipaswa kuandikwa kabla ya kuunganishwa. Mmoja wa wasimamizi wa mifumo aliwaambia wakaguzi kwamba haandiki vifaa vipya kila mara, kwa sababu sehemu ya kuandikia wakati mwingine haifanyi kazi, na baadaye husahau. Ni rahisi kumlaumu. Binafsi namtetea, maana hakuna mlango duniani unaofungwa kwa kumbukumbu ya mtu mwenye kazi nyingi. Daftari lile lilitaja vifaa vinavyotakiwa kuwemo, lakini halikuwa na mkono wa kukizuia kile kisichotakiwa. Kifaa kilikuwa kinaingia kwanza, kuandikwa ni baadaye, kama kuandikwa kwenyewe kungetokea.

Hilo halikuanzia Pasadena. Mtandao wa waya tunaoutumia maofisini ulibuniwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox, Palo Alto, na watu waliokuwa wanataka kompyuta zao zizungumze na printa moja. Kila aliyekuwa na waya alikuwa mwenzao. Tabia hiyo ya ukarimu imebaki hadi leo: tundu la mtandao ukutani, lisipopewa maagizo mengine, humkubali yeyote anayechomeka. Kati ya mwaka 2017 na 2018, kampuni ya usalama ya Kaspersky ilichunguza wizi katika benki zisizopungua 8 za Ulaya Mashariki, uliosababisha hasara ya makumi ya mamilioni ya dola. Wezi hawakuvunja chochote. Mtu aliingia kama mleta vifurushi au mtafuta kazi, akachomeka laptopu ya bei ndogo au Raspberry Pi mahali pasipoonekana, kwa mfano chumba cha mikutano, akaondoka zake. Kifaa kilikuwa na modemu ya simu, na wenzake wakakiendesha kutoka mbali.

Basi mtandao ufanye nini? Wazo la kwanza la kila mtu ni kutazama namba ya kifaa. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na anwani yake ya biti 48, inayoitwa anwani ya MAC, na swichi, kifaa ambacho nyaya za mtandao wa ofisi hukutania, inaweza kuambiwa ikubali anwani fulani tu. Kwa wiki chache hali huonekana shwari. Lakini anwani hiyo hupita kwenye waya ikiwa wazi, mara nyingi imebandikwa nyuma ya printa kwa herufi za kusomeka, na kompyuta yoyote inaweza kujivika anwani ya mwenzake kwa amri moja. Mtu akibisha hodi, ukauliza nani, akajibu “mimi”, bado hujajua kitu. Anwani ya MAC ni “mimi” ya kompyuta.

Kinachotakiwa ni jibu ambalo mwingine hawezi kulitoa hata kama amelisikia likitolewa jana. Na hapo ndipo domeini inapoingia.

Domeini, kwa maana ya maofisini, ni jumuiya ya kompyuta na watumiaji wanaoaminiana kwa sababu wote wanajulikana na seva moja kuu. Iliyoenea zaidi ni Active Directory ya Microsoft, iliyotoka pamoja na Windows 2000 mnamo Februari mwaka huo. Wengi wanajua kwamba katika mfumo huu kila mfanyakazi ana akaunti na nywila. Wachache wanajua kwamba kompyuta nayo ina akaunti yake na nywila yake. Siku fundi anapoiingiza kwenye domeini, seva huiandikia akaunti yenye jina linaloishia na alama ya dola, na kompyuta na seva hukubaliana siri ambayo hakuna binadamu anayeiona: nywila ya herufi 120 zilizochaguliwa kwa nasibu. Kwa kawaida, kila baada ya siku 30 kompyuta hubuni siri mpya na kuisajili kwa seva. Mtumiaji hajui, hata meneja hajui. Hujua tu siku mambo yanapoharibika, kwa mfano fundi anaporudisha mashine kwenye nakala yake ya miezi mitatu nyuma: mashine inaamka na siri ya zamani, seva ina ile mpya, na kwenye kioo linatokea tangazo kwamba uhusiano wa uaminifu kati ya kituo hiki na domeini umevunjika. Watu wa TEHAMA wanalijua tangazo hilo kama mvuvi anavyoujua upepo wa kusi.

Siri hiyo haisafiri kwenye waya ikiwa uchi. Seva hutuma namba ya kubahatisha, kompyuta huichanganya na siri yake kwa hesabu ngumu na kurudisha matokeo. Seva nayo hufanya hesabu ileile kwa siri iliyonayo, kisha hulinganisha. Kesho namba itakuwa nyingine, kwa hiyo aliyesikiliza mazungumzo ya leo hana cha kurudia. Msingi wa fikra hii uliwekwa na Roger Needham na Michael Schroeder katika makala yao ya mwaka 1978. Chuo cha MIT kiliugeuza kuwa mfumo unaofanya kazi, Kerberos, ndani ya mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983 ili wanafunzi waweze kutumia kompyuta yoyote chuoni, na Microsoft ikauchukua kwa ajili ya Windows 2000. Njia ya pili ni cheti cha kidijitali: kompyuta ina ufunguo wake wa siri, ikiwezekana umefungiwa ndani ya chipu isiyoruhusu kunakiliwa, na huutumia kutia sahihi changamoto inayopewa.

Sasa ushahidi tunao. Kilichobaki ni kuupeleka ukutani, pale waya unapochomekwa. Kiwango kinachofanya hivyo kinaitwa 802.1X na kilitangazwa na taasisi ya IEEE mwaka 2001. Chini yake, tundu la ukutani linakuwa limefungwa tangu mwanzo. Swichi hairuhusu kitu kipite isipokuwa mazungumzo ya utambulisho, na mazungumzo hayo haiyaamui yenyewe. Huyapeleka kwa seva ya nyuma inayozungumza lugha ya RADIUS, itifaki iliyoanza mwaka 1991 kwa ajili ya watu waliokuwa wakipiga simu kwa modemu ili kuingia mtandaoni. Seva hiyo huuliza domeini, domeini hujibu, na swichi hupewa neno moja: fungua au funga. Au neno la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye busara zaidi: mpeleke huyu sehemu ya wageni, apate intaneti na asione kingine.

Kwenye karatasi kazi imekwisha. Kwenye ofisi ya kweli ndipo inapoanza, na kosa linalorudiwa kuliko yote ni hili: ofisi inanunua swichi nzuri, inawasha 802.1X, inaweka utambulisho kwa jina la mtumiaji na nywila, na inatangaza kwamba kompyuta za kampuni pekee ndizo zinazoingia. Jumatatu mfanyakazi anakuja na laptopu ya nyumbani, ile ambayo watoto wanapakulia michezo kutoka kila pembe ya intaneti. Anachomeka. Inaulizwa jina na nywila. Anaandika vyake, ambavyo ni halali kabisa. Mlango unafunguka. Kufikia mchana Wi-Fi imejaa simu za mkononi za ofisi nzima, kila moja imeingia kwa nywila ya mwenyewe. Mtandao umethibitisha mtu. Kuhusu mashine haukuuliza chochote, ingawa mashine ndiyo inayobeba virusi.

Windows inaweza kuuliza maswali yote mawili, ila huyauliza kwa zamu. Kompyuta ikiwashwa, kabla mtu hajagusa kibodi, hujitambulisha kwa akaunti yake yenyewe na kufunguliwa mlango. Bila hivyo isingeweza hata kuifikia domeini ili kupokea maagizo ya usalama. Mtu akiingia, utambulisho hufanyika upya kwa jina lake. Tatizo ni kwamba ombi hili la pili, likifika kwenye seva, halina alama inayosema limetoka kwenye mashine iliyojitambulisha asubuhi. Ni mazungumzo mapya. Kwa seva, meneja aliyeko kwenye laptopu ya kampuni na meneja huyohuyo aliyeko kwenye laptopu ya mwanawe ni kitu kimoja.

Kwa miaka mingi tiba ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, ilikuwa kuitegemea kumbukumbu. Seva hukumbuka kwamba anwani fulani ya MAC ilithibitishwa kuwa mashine ya domeini, na kwa saa kadhaa zinazofuata humruhusu mtu anayetokea kwenye anwani hiyo. Msomaji ameshaona ubovu wake: tumerudi kwenye anwani ya MAC. Lakini kero ilikuwa kubwa kuliko hatari. Mtu anafunga laptopu yake jioni bila kuizima, anaifungua asubuhi, nayo inaamka moja kwa moja kwenye jina lake bila mashine kujitambulisha upya. Muda wa kumbukumbu umekwisha, mlango umefungwa, na simu ya kitengo cha TEHAMA inaanza kulia. Au ameichomoa kwenye waya na kuhamia Wi-Fi, ambayo ina kadi nyingine yenye anwani nyingine, kwa hiyo seva inamwona kama mgeni ingawa amesogea mita tatu. Watumiaji halali walikuwa wanaadhibiwa kila siku kwa ajili ya mvamizi ambaye angepita hivyo hivyo. Mfumo wa namna hiyo haudumu. Siku moja bosi mkubwa atafungiwa nje wakati wa mkutano, na kufikia jioni utakuwa umezimwa.

Suluhisho safi, linaloitwa TEAP, liliandikwa kama kiwango mwaka 2014: mashine na mtu hutoa ushahidi wao ndani ya mazungumzo mamoja yaliyofungwa pamoja, na seva huuona wote kwa mpigo. Windows ilianza kulikubali mwaka 2020 tu. Katikati ya hapo ofisi nyingi zilichagua njia fupi, na sioni haya kuisifia: mlango wa mtandao uulize mashine peke yake, kwa cheti, na kumtambua mtu kuachiwe Windows yenyewe anapoingiza nywila yake. Maswali mawili yanaulizwa mahali pawili tofauti, lakini yote yanaulizwa, na hakuna anayefungiwa nje kwa kulala bila kuizima laptopu.

Hata hivyo, printa, kamera za ulinzi na mashine za kusoma vidole kwa kawaida haziwezi kuingizwa kwenye domeini. Hizo mara nyingi huruhusiwa kwa anwani zao za MAC, kwa kuwa nyingi hazina njia nyingine, na dawa ni kuzitenga kwenye kipande chao cha mtandao, ambako anayejifanya printa atakuta printa tu.

Kuna namna nyingine ya kukagua ambayo ilipendwa sana, hasa kwa wanaoingia ofisini kutoka mbali kupitia VPN. Programu ndogo inawekwa kwenye kompyuta ya mtumiaji, inasoma kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, jina la domeini ambayo mashine imejiunga nayo, na kuripoti: hii ni ya kwetu. Inaonekana kama uthibitisho. Tatizo ni kwamba anayejibu ndiye anayechunguzwa. Mtu mwenye mamlaka juu ya kompyuta yake anaweza kuandika kwenye rejista neno lolote. Anaweza pia kujenga domeini yake sebuleni, akaipa jina lilelile la benki anayoilenga, na kuiunga laptopu yake humo kihalali kabisa. Microsoft walikuwa wakweli kuhusu udhaifu wa aina hii walipotoa mfumo wao wa NAP pamoja na Windows Server 2008. Mfumo ule uliitaka kila kompyuta itoe taarifa ya afya yake, kama ina kinga ya virusi na kama imesasishwa, na maelezo yao wenyewe yalisema haukukusudiwa kumzuia mtu mwenye nia mbaya. Ulikuwa wa kuwasaidia waaminifu wasahaulifu. Kufikia Windows 10 na Windows Server 2016 walikuwa wameshauondoa.

Kwa hiyo kanuni ni siri iliyothibitishwa, na jina peke yake halitoshi. Ila hata siri ni imara kadiri ya hesabu inayoilinda, na mwaka 2020 hesabu moja ilivunjika vibaya. Tom Tervoort wa kampuni ya Secura ya Uholanzi aligundua kwamba Netlogon, itifaki ambayo kompyuta za domeini hutumia kujithibitisha kwa seva, ilikuwa inaanza usimbaji wake na sifuri tupu pale ambapo ilipaswa kuanza na namba ya kubahatisha. Matokeo yake, mtu akijibu changamoto ya seva kwa mlolongo wa sifuri, jibu lake linaweza kuonekana sahihi kwa nasibu ya 1 kati ya 256. Seva haikuwa na kikomo cha majaribio. Ndani ya sekunde chache mtu asiye na akaunti yoyote aliweza kujifanya seva kuu ya domeini na kuifuta nywila yake. Udhaifu huo ulipewa jina Zerologon na alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Kiraka, yaani marekebisho ya programu, kilitoka Agosti, na tarehe 18 Septemba, siku ya Ijumaa, serikali ya Marekani iliagiza idara zake za kiraia ziwe zimekiweka kufikia mwisho wa Jumatatu. Sharti pekee kwa mshambuliaji lilikuwa kuweza kuifikia seva kupitia mtandao. Ofisi ambayo tundu lake la ukutani lilikuwa limefungwa kwa mgeni ilikuwa na nafasi ya kupumua wikiendi ile.

Udhaifu ulioniudhi zaidi ulikuja miaka miwili baadaye, kwa kuwa haukuhitaji hesabu yoyote. Tangu Windows 2000, mpangilio wa kawaida wa Active Directory unamruhusu mtumiaji yeyote wa kawaida, hata karani aliyeajiriwa wiki iliyopita, kuingiza kompyuta 10 kwenye domeini. Ruhusa hiyo iliwekwa ili kupunguza foleni ya mafundi, na ofisi nyingi hazijui kwamba zinayo. Mwaka 2022 mtafiti Oliver Lyak alionyesha inakoweza kufika. Mtumiaji anaunda akaunti ya kompyuta. Kwa kuwa ndiye aliyeiunda, anaweza kulibadilisha jina lake la mtandaoni, basi analiandika jina la seva kuu ya domeini. Kisha anaomba cheti. Mamlaka ya vyeti, yaani seva inayovitoa, inasoma jina lililoandikwa, inalitia muhuri, na karani wetu anaondoka na cheti halali kinachosema yeye ni seva kuu. Ushahidi wa kisasa kabisa, wenye sahihi ya kidijitali, ulikuwa umejengwa juu ya jina ambalo mtu alijiandikia.

Microsoft ilitoa kiraka tarehe 10 Mei 2022. Vyeti vipya vikaanza kubeba namba ya utambulisho wa akaunti, ambayo domeini ndiyo inayoitoa na mwenye akaunti hawezi kujibadilishia. Lakini vyeti vya zamani, visivyo na namba hiyo, vilikuwa tayari vimo ndani ya laptopu, simu na swichi za kila bara, na kuvikataa siku hiyohiyo kungewafungia nje watu wasio na hatia. Siku ya kuvikataa ikapangwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena hadi Februari 2025, na hata hapo wasimamizi waliachiwa uwezo wa kurudi kwenye utaratibu wa zamani hadi Septemba mwaka huo. Ile ruhusa ya kompyuta 10 kwa kila mtumiaji kiraka hakikuigusa. Kuishusha hadi sifuri ni kazi ya msimamizi wa kila ofisi: namba moja kwenye mpangilio wa domeini, na mafundi wawili au watatu waliopewa kwa majina kibali cha kuingiza mashine.